Mtaji wa Kooni

Ilianza Mfunguo Sita, siku ya jodari wengi:
nilipofika elfu arobaini, "na tano" haikutoka.
Ilitoka pumzi tupu,
kama pampu ya baiskeli iliyopasuka mpira.
Wachuuzi wakacheka. Miye nikacheka nao,
nikakohoa, nikakwangua koo, nikanadi tena.

Mnada wa Mkokotoni hauna kipaza sauti.
Una miye, Mcha wa Makungu,
miaka kumi na tisa juu ya kreti ya soda,
nikishindana na injini za boti, na mashine ya kusagia barafu,
na wauza mikate ya ufuta,
na Vuai, anayebisha kila bei hata asiponunua.
Asubuhi sauti ikija, adhuhuri imekwisha.
Jioni natia neno mdomoni, linarudi tumboni.
Nikawa nahisi mwiba wa pono umenikwama;
nikameza tonge kavu la ugali, mwiba haukushuka,
kwa kuwa hapakuwa na mwiba.

Bikombo akanichemshia tangawizi.
Mama mkwe akasema nimehesabiwa, akanifukiza.
Vyote nikapokea, na juu yake sigara tatu,
na urojo wa pilipili saa nne za usiku, kisha nikalala chali.
Moto ukanipanda kifuani mpaka kwenye meno.
Sikujua kuwa na huo umo katika kesi.

"Miezi miwili?" dakta wa Mnazi Mmoja akaniuliza.
"Mkwaruzo ukivuka wiki tatu hausubiriwi.
Wapo waliosubiri, wakaniletea jambo
ambalo hata miye nalitaja kwa sauti ya chini."
Akanipitisha puani uzi mweusi wenye jicho,
akaniambia niseme *iii*.
Kwenye kioo nikaona ulimi wangu kwa nyuma,
kisha nyuzi mbili nyeupe, zenye majimaji,
zikifunguka na kufunga
kama mdomo wa changu aliyetupwa mchangani.
Na juu yake, kimoja kila upande,
vinundu. Vidogo, kama ufuta wa mkate.
"Sugu hizo," akasema.
"Wenzako huota viganjani. Wewe umelimia koo."

Nikauliza habari ya kisu. Akatikisa kichwa:
nikikatwa leo, nikarudi na kelele zile zile,
vitaota tena kabla ya mwezi kuandama.
Akaniandikia kitu kisichouzwa duka la dawa:
siku saba, kimya.
"Na kunong'ona?" nikanong'ona.
"Hata huko. Kunong'ona ni kulikaba koo kwa siri."

Mjini kwetu ikavuma kuwa nimemnunia mkwe.
Ikavuma nimekula yamini.
Vuai akaja barazani kubisha,
akakosa wa kubishana naye, akaondoka amechoka.

Siku ya nne nikaisikia nyumba yangu.
Kumbe mwanangu Nunu huniita mara moja tu,
polepole, kisha huacha.
Miaka sita nilidhani haniiti.

Baadaye yakaja mazoezi: gilasi ya maji, mrija,
na kuvumisha *vuuu* mpaka maji yatokote bila moto.
Nunu akachukua mrija wake, akakaa kando yangu.
Tukatoa povu kama kaa wawili.
Maji kila mara. Chakula cha usiku mapema, mto juu.
Koo likiwasha, meza mate, usilikwangue.
Sigara imebaki moja, ya alfajiri. Sitakudanganya.

Sauti imerudi, si ile.
Hii ina ufa kidogo, na haifiki kwenye boti.
Nina kengele sasa, na ubao, na chaki;
Vuai ndiye huisoma bei, huku akiibisha.
Wachuuzi husogea karibu kunisikia,
na aliyesogea, nimegundua, huona haya kuondoka mikono mitupu.

Ila jana jodari alikuwa mkubwa kama mlango,
nikajisahau, nikapiga ukelele.
Usiku Nunu hakusema kitu.
Alijaza gilasi, akaleta mirija miwili.